Daktari Aliyekataa Kuhakikisha

Miaka ile soko la pamba lilipofunguliwa, kila mtu Bariadi alikuwa anamhakikishia mwenzake kitu. Wanunuzi binafsi walikuja na pikapu zenye vipaza sauti, wakazunguka vijiji vya Nkoma mpaka upande wa Meatu wakitangaza: tunawahakikishia bei nzuri, tunawahakikishia mizani ya haki, tunawahakikishia malipo papo hapo. Wenye maduka waliwahakikishia wateja kwamba redio zao zimetoka Japani moja kwa moja. Fundi cherehani wa pale stendi aliandika ukutani kwa rangi nyekundu: KAZI YETU NI UHAKIKA. Gauni langu la Krismasi alinipa Pasaka.

Wakati huo bado tulikuwa Mkoa wa Shinyanga, na Simiyu lilikuwa jina la mto tu. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza katika sekondari mpya ya wazazi, mojawapo ya zile zilizofunguliwa kabla madirisha hayajapata vioo. Upepo wa kiangazi ulipovuma, chaki niliyoandika ubaoni ilichanganyika na vumbi la uwanjani, na kidato cha tatu wote wakawa na kikohozi kimoja. Nilikuwa kijana, mwenye hasira za karibu, na Kiingereza nilikipenda kupita kiasi.

Wiki moja nilifundisha kitenzi assure na ndugu yake ensure. Niliwaambia wanafunzi wasihangaike, kwani Kiswahili kinavijua vyote viwili. Ensure ni kuhakikisha: unafunga mlango wa zizi kwa mkono wako mwenyewe, unautikisa, unaona umefunga. Assure ni kuhakikishia: unamwambia mtu kwamba mlango umefungwa, naye anakwenda kulala kwa neno lako. Ya kwanza ni kazi ya mikono, ya pili ni kazi ya mdomo, na hii ya pili haisimami bila mtu wa kuambiwa. Hakuna anayeuhakikishia ukuta.

Nikawaambia watunge sentensi. Niliposahihisha, karibu daftari zote zilikuwa na mnunuzi wa pamba. Mnunuzi anamhakikishia baba kwamba atakuja kesho. Mnunuzi alimhakikishia babu kwamba mizani si mbovu. Binti mmoja aliyetokea Maswa aliandika kwa ufupi kwamba baba yake huhakikishiwa kila mwaka. Nilimpa alama zote, nikacheka peke yangu ofisini, halafu nikaacha kucheka kwa sababu nilimkumbuka mama.

Nyumbani kwetu, kijijini upande wa Nkoma, neno la uhakika halikuwa neno la kusema ovyo. Ukimuuliza mama kama atakwenda kanisani Jumapili, alijibu, "Nikiamka." Ukimuuliza kama mahindi yatatosha, alijibu kwamba mahindi yenyewe ndiyo yanajua. Ng'ombe akiwa na mimba ya kuburuza tumbo, kila mtu akiona, mama alisema labda amekula sana. Haikuwa hofu ya wachawi, ingawa wapo waliodhani hivyo. Aliona tu kwamba kuisemea kesho ni utovu wa adabu, kama kuingia nyumba ya mtu bila kubisha hodi. Nilipokuwa msichana tabia hiyo iliniudhi mno. Nilitaka mtu mmoja tu katika nyumba ile aseme ndiyo ikawa ndiyo.

Basi mapema msimu ule, kabla ya somo lile, nilikwenda likizo nikamkuta mama anachambua pamba. Kwa wasioijua kazi hiyo, pamba ikishavunwa hutengwa: nyeupe safi huku, na ile yenye madoa na uchafu, tunayoiita fifi, huku. Mama alikuwa malkia wa kazi hiyo. Wanawake wa jirani walimletea pamba zao ili awatazamie kabla ya kwenda mizani, na karani alipoona mzigo uliopita mikononi mwake hakuchokoa ndani. Siku hiyo nilikaa kando yake na kuona anatupa fifi katika lundo la nyeupe. Mara moja, mara ya pili, bila kusita. Wifi yangu alinikonyeza ninyamaze. Mama alipoinuka kwenda jikoni, wifi alipiga magoti haraka akaanza kulitenga upya lundo zima.

Jioni mama aliniambia, "Mwambie mke wa kaka yako aache kunificha. Macho yamezeeka, masikio bado."

Lilikuwa jambo la miaka miwili, kumbe, na mimi huko mjini nikifundisha vitenzi. Jicho la kushoto lilikuwa limefunikwa na weupe wa maziwa. Lilijua mchana na usiku tu. La kulia liliona kama mtu anayechungulia jikoni kuni mbichi zikiwaka. Aliweza kumtambua ng'ombe mlangoni. Hakuweza kutambua ni ng'ombe yupi. Na kwa mama kutomtambua ng'ombe wake kulikuwa fedheha kuliko upofu wenyewe.

Kaka yangu, aliyekuwa mkuu wa kaya yetu tangu baba afariki, hakuwa amekaa bure. Mwanzoni mwa msimu alikuwa amemleta mfumu, mganga anayesoma mambo katika kuku, mtu mzima mwenye heshima zake. Kuku alipasuliwa, na mfumu akasema bila kutafuna maneno: bibi mmoja wa ukoo amesahauliwa, apewe mbuzi, na macho yatafunguka kabla ya palizi. Mbuzi akatolewa. Palizi ikaja, ikapita, tukavuna. Mama hakumcheka mfumu, na Jumapili alikwenda kanisani kama kawaida. Alisema tu kwamba yule mbuzi alikuwa mzuri.

Halafu akaja kijana wa pamba. Alikuwa wakala wa mnunuzi fulani, amevaa miwani ya jua na shati la mikono mirefu katika joto lile. Alikaa kwenye kigoda chetu, akanywa maziwa yetu, akasema, "Mama, mimi nakuhakikishia. Alhamisi lori liko hapa mlangoni. Pamba yako usimpe mtu." Mama akampa neno lake, na neno la mama lilikuwa neno. Wengine walipopita aliwarudisha. Alhamisi ikapita, na nyingine nyuma yake. Pamba ikajaa chumba cha wageni, ikaingia chumba cha watoto, wajukuu wakalala juu yake mpaka nywele zao zikawa kama za wazee. Panya wakafanya harusi. Mawingu ya vuli yalipoanza kujikusanya ndipo mnunuzi mwingine alipoichukua, na kwa kuwa ilishakaa, nyingi iliitwa fifi.

Mimi nilikasirika. Mama alisema kwa utulivu, "Yule kijana alikuwa anaongea vizuri sana. Mtu wa kuongea vile hana ng'ombe." Alimaanisha kwamba mwenye kitu cha kupoteza huwa na breki mdomoni.

Ndipo ikasikika kwamba madaktari wa macho wanakuja kuweka kambi hospitalini Bariadi, wiki moja tu, na kwamba wanatoa mtoto wa jicho. Nilituma ujumbe kwa dereva wa lori la chumvi. Kaka akamleta mama, lakini alikuja na sharti lake mfukoni. Aliniambia tukiwa bado tumesimama stendi, mkoba wa mama begani kwake: "Daktari akihakikisha kwamba ataona, sawa. Asipohakikisha, narudi naye leo hii."

"Kaka, hakuna daktari wa kuhakikisha."

"Mfumu alihakikisha."

"Na ikawaje?"

"Haikuwa. Lakini mfumu hakumgusa jicho." Akashusha sauti. "Wewe uko mjini. Mama akizimika kabisa, mimi ndiye nitakayesimama mbele ya shangazi zetu. Watasema niliuza macho ya wifi yao kwa wageni. Nitajibu nini?"

Nilimpenda kaka kwa swali hilo na nikamchukia kwa wakati uleule. Hofu yake ilikuwa na mantiki: jicho la kushoto likiharibika, mama hatakubali la kulia liguswe, na lile la kulia lilikuwa linakwenda. Angekaa gizani miaka yake yote iliyobaki, akiwa na mikono inayojua pamba na hakuna wa kumwambia rangi yake.

Veranda ya hospitali asubuhi ilijaa watu kutoka kila upande, wengine Maswa, wengine Lingeka kule mbali, wamejifunga vitambaa machoni kukinga mwanga. Kila aliyefika alisalimia mstari mzima: mwangaluka, mwangaluka, mhola? Mhola duhu. Walikula michembe, vipande vile vya viazi vilivyokaushwa, wakasimuliana habari za mvua bila kuonana. Nilishangaa jinsi palivyokuwa na furaha.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni kutoka nje, mrefu, mwenye sauti ya chini. Kiswahili chake kiliishia kwenye asante. Muuguzi aliyekuwa anamtafsiria aliitwa chumba cha upasuaji, na mtu mmoja pale akasema, "Yule binti ni mwalimu wa Kiingereza." Basi nikawa mkalimani wa mama yangu mwenyewe. Nitasema ukweli, kichwa kilivimba kidogo.

Daktari alimulika jicho la kushoto, akamulika la kulia, akarudi la kushoto. Akaniambia kwamba mtoto wa jicho amekomaa na anaweza kutolewa mchana huohuo. Kutolewa kwenyewe si tatizo. Ila ule weupe ni mzito kiasi kwamba haoni nyuma yake, na kama nyuma ya jicho pameharibika, kutoa weupe hakutasaidia. Kisha akasema, akinitazama ili niikamate vizuri sentensi, "I cannot assure her."

Hicho hapo kitenzi changu, hakijafutika ubaoni hata wiki mbili. Nilikuwa nimekifundisha kama mtu anavyofundisha mnyama wa nchi nyingine, kwa picha. Sasa kilikuwa kimesimama chumbani na pembe zake.

Kaka aliuliza kutoka mlangoni, "Amesemaje? Anahakikisha?"

Katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyezijua lugha za pande zote mbili. Ningesema ndiyo, nani angenipinga? Kaka angeridhika, mama angelazwa, daktari angefanya kazi yake. Neno moja tu, na la kheri. Nililisikia likija mpaka kwenye meno. Nikamtazama mama aliyekaa wima kwenye kiti cha chuma, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwangu bila kuniona, nikajua kwamba yeye tu ndiye hatakiwi kufanyiwa hivyo. Alikwisha kufanyiwa na kijana wa miwani.

Nikamwambia kwa Kisukuma chetu, polepole, "Mama, anasema kukutoa weupe anaweza. Nyuma ya weupe hajui kuna nini. Huenda ukaona vizuri, huenda ukaona kidogo, huenda usione. Anasema hawezi kukuhakikishia."

Kaka akainua mkoba. Kisha mama akasema, "Muulize ana watoto wangapi."

"Mama..."

"Muulize."

Niliuliza. Daktari akashangaa, akasema wawili. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akataka kujua kama ni wazima, na wanakaa na nani mama yao akiwa huku. Akauliza kama kwao mvua imenyesha mwaka huu. Akauliza kama wanafuga. Daktari alijibu kwa heshima, lakini nilimwona anatazama mlangoni, kwenye mstari ule mrefu wa vitambaa. Mwishowe alisema, kwa upole kabisa, kwamba mama anaonekana hayuko tayari, na si vizuri kumlazimisha mtu. Aende nyumbani afikirie. Akaiweka kando kadi ya mama, na mgonjwa mwingine akaingia.

Tulipofika veranda nililipuka. Sikujali nani anasikia. "Mama, watu wametoka Meatu kwa miguu! Kambi inaondoka Ijumaa! Wewe unamuuliza daktari habari za mvua!"

Mama alinigeukia kwa mshangao wa kweli. "Kwani ametukatalia?"

"Wewe ndiye umekataa!"

"Mimi? Nimekataa saa ngapi? Mtu nisiyemkubali nitamuuliza watoto wake?"

Nami nililijua hilo. Nilizaliwa katika nyumba hiyohiyo. Kwetu mgeni anayetiliwa shaka hupewa maji na salamu fupi, basi. Ukiona mtu mzima anaulizia watoto, mvua na mifugo, ujue mgeni ameshakubaliwa, na yanayobaki ni kumjua. Ndiyo yenyewe haitamkwi, maana kuitamka ni kama kusema kwamba kulikuwa na hapana. Siku hiyo nilikuwa nimeyasikiliza maneno ya mama kwa masikio ya daktari, na kwa masikio hayo yalikuwa upuuzi wa bibi wa kijijini. Kaka alikuwa ameuweka mkoba chini tangu swali la kwanza. Mimi hata sikumwona.

Lakini bado alikuwa na neno. "Mama, mwenyewe amesema hawezi kuhakikisha."

"Ndiyo maana," mama akasema. "Msimu huu wote nimehakikishiwa. Nimehakikishiwa na wa kuku, nimehakikishiwa na wa lori, kipaza sauti kimenihakikishia mpaka ndama wakakimbia. Huyu peke yake ameniambia hapa najua, hapa sijui. Anayenionyesha mahali ujuzi wake unapoishia, mpaka hapo nitamwamini."

"Na likizimika?"

"Likizimika nitajua nilikuwa mikononi mwa mtu asiyenidanganya. Hilo nitaweza kuishi nalo. Hilo la pamba ndilo lililonishinda."

Kaka alivua kofia yake, akaitazama ndani kama kuna kitu, akaivaa tena. "Basi," akasema. "Shangazi niachieni mimi."

Nilirudi kwa mbio. Muuguzi alinizuia mlangoni, akaniambia zamu ya mama imepita, nikamwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Daktari mwenyewe alitoka kuona kelele ni za nini. Nikamweleza, Kiingereza kikinikimbia mdomoni wakati ndipo nilipokihitaji: kwamba mama amekubali, kwamba alikubali palepale, kwamba maswali yale ndiyo yalikuwa kukubali kwenyewe. Alinisikiliza, akauliza kama nina hakika, kwa sababu yeye alichosikia ni habari za watoto tu.

Nikasema, "I assure you."

Nilikuwa nimeisema sentensi hiyo darasani mara nyingi, nimeitamkisha watoto arobaini kwa pamoja mpaka kuku wa jirani wakalalamika. Sikuwahi kuisema kwa mtu. Haikuwa nyepesi. Niligundua kitu ambacho sikukiandika ubaoni: kwamba kitenzi kile kinataka mtu mbele yako wa kuambiwa, lakini pia kinataka kitu nyuma yako cha kukishikilia, vinginevyo ni mdomo mtupu wenye miwani ya jua. Nyuma yangu alikuwa mama, amekaa veranda na uamuzi wake. Yule kijana wa pamba, nyuma yake hakukuwa na lori.

Daktari alinitazama kidogo, akacheka, akaichukua kadi kutoka pale kando. Akaniagiza nimwambie mama kwamba kwao mvua imenyesha vizuri, alisahau kumaliza.

Alasiri mama aliingia, akatoka na bandeji, akalalamika kuhusu chai yao kuwa haina maziwa. Asubuhi iliyofuata tulisimama kando ya kitanda, kaka na mimi, tukiwa hatutazamani. Daktari alifungua bandeji polepole. Mama alipepesa, machozi yakamtoka, akapepesa tena. Muuguzi akanyoosha mkono akauliza ni vidole vingapi.

"Mwambie huyu binti," mama akaniambia, "nina wajukuu tisa, kuhesabu nawafundisha mimi." Kisha akasema vitatu, na vilikuwa vitatu.

Halafu akanigeukia. Alinitazama kutoka kichwani kushuka, kwa kituo, kama anavyotazama pamba ya mtu mwingine. "Umekonda," akasema. "Na hilo gauni fundi alikuibia bega."

Nililia. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, kamasi na yote, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakauliza kama jicho limeharibika. Kaka aliwajibu, lakini naye alikuwa anatazama dirishani. Mama alimshukuru daktari, "Wabeja gete," na hilo sikulitafsiri, kwa maana daktari alilipokea bila msaada wangu. Haikuwa uzima kamili. Pembeni mwa jicho palibaki ukungu, na baadaye alivaa miwani mizito iliyomfanya aonekane mkali kuliko alivyo. Lakini alipofika nyumbani, kaka alinisimulia, alisimama kwenye lango la zizi akawaita ng'ombe wote mmoja mmoja, na hakukosea hata mtamba mmoja.

Wanafunzi wangu walikuwa wameshapata habari kabla sijarudi darasani. Bariadi ya wakati ule siri ilikaa nusu siku. Niliwataka watunge sentensi upya, bila wanunuzi. Yule binti wa Maswa akasimama akasoma kwamba daktari hakumhakikishia mama wa mwalimu kitu chochote, na mama wa mwalimu anaona. Darasa likapiga makofi. Nilisema sarufi yake ni sahihi, nikageukia ubao, nikakaa huko muda mrefu nikifuta mahali palipokuwa pasafi.

Msimu uliofuata nilikuwa nyumbani tena wakati wa kuchambua. Wanunuzi walikuwa wengi zaidi, na watu walikuwa wameanza kuwazoea. Walijua sasa kuuliza lori liko wapi kabla ya kumimina maziwa. Mama alikuwa kwenye mkeka wake na miwani yake, nyeupe huku, fifi huku, akimgombeza wifi kwa kazi ya harakaharaka. Nilikuwa nafikiri kwamba hakuna zaidi ninalolihitaji duniani.

Akaja mama mmoja mjane kutoka ng'ambo ya korongo, rika la mama, waliolima pamoja tangu wakiwa wasichana. Alikuja akipapasa hewa mbele yake. Macho yake yote mawili yalikuwa meupe. Walisalimiana kwa kirefu, wakamaliza ng'ombe, wakamaliza wajukuu. Kisha yule mama akasema kwamba amesikia madaktari wamerudi Bariadi, kambi ni kuanzia kesho, na wanawe wanamsukuma aende, lakini anaogopa. Aliogopa kisu. Aliogopa kurudi bila hata ule mwanga wa jua anaousikia usoni.

"Wewe umepita huko, mayu," akasema. "Nihakikishie tu. Niambie nitaona, nitakwenda."

Nikamtazama mama. Nilidhani safari hii atasema. Alikuwa na haki zote za kusema. Ushahidi ulikuwa puani kwake, umeshikiliwa na uzi. Neno moja tu na rafiki yake angeinuka.

Mama aliendelea kuchambua kidogo. "Siwezi," akasema. "Hata mimi hakuna aliyenihakikishia. La kwangu nalijua. La kwako silijui."

Yule mama akainamisha kichwa. Akaanza kupapasa ardhi atafute pa kujiinulia arudi kwake.

Mama alikuwa ameshainuka. Alikung'uta pamba kwenye kitenge, akamwambia wifi amalizie lundo, akamwita kaka akaulizie lori la kwenda mjini linapita saa ngapi. Akaingia ndani, akatoka na khanga mbili, moja begani kwake na moja akamtandaza mwenzake mabegani.

"Unakwenda wapi?" yule mama akauliza.

"Bariadi. Tutalala kwa huyu mwalimu, kesho utaingia kwa daktari. Mimi nitakaa chini pale nje ya mlango mpaka utoke, ukiwa unaona au huoni, na tutarudi wote wawili," mama akasema. "Hilo nakuhakikishia."